Kiti cha Mbele cha Yaya Venansia

Tangu nirudi kwa ndege kutoka Ubelgiji, sijamaliza gauni hata moja bila kuombwa nisimulie. Mtu anakuja kwenye atelie yangu pale Mutakura kupimwa kiuno, na kabla sijamzungushia utepe ananiuliza: ni kweli Yaya Venansia alikaa mbele pamoja na wakubwa, na wewe mdogo wake ukakaa nyuma karibu na choo? Ni kweli. Lakini habari imeshapita midomo mingi. Nimesikia kwamba alikalishwa ubavuni mwa rubani. Nimesikia pia kwamba tulidanganya watu ili tupate kile kiti. Kwa hiyo naandika mambo yalivyokwenda, ili anayetaka kujua asome, na mimi nipate kushona.

Ya viza na tiketi nayaacha. Waliopitia wanayajua, na wasiopitia sitaki kuwatia hofu.

Kwa wasiotufahamu: Venansia ni dada yangu mkubwa, kifungua mimba wa nyumba yetu, nami ni kitinda mimba. Kwetu Bujumbura ndugu aliyekutangulia kuzaliwa unamwita yaya, na jina lake tupu hulitaji mbele yake. Mama yetu alifariki nikiwa bado nanyonya. Yaya, ambaye mwenyewe alikuwa bado msichana, ndiye aliyenifunga mgongoni na kunitafutia maziwa. Siku hizi anauza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Asubuhi anazichukua kwa wavuvi wa Kajaga, na mchana anazipanga sokoni Cibitoke katika mafungu madogo yanayong'aa. Ana binti mmoja tu, Godeliva. Godeliva alikimbilia Ubelgiji vita vilipoanza, akaolewa huko, akazaa. Mama na binti walikuwa hawajaonana tangu wakati ule. Mwaka huu Godeliva alituita.

Shida ilikuwa goti. Siku Cibitoke ilipohamwa, sote tulikimbia kuelekea Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na Yaya akaanguka mtaroni na mzigo wake kichwani. Goti la kulia halikupona sawasawa. Kabla ya safari daktari alilibonyeza, akatikisa kichwa, akaniambia mimi, kana kwamba Yaya hakuwepo: mguu huu usikunjwe kwa saa nyingi, utavimba, na damu inaweza kuganda ndani yake, na damu ikiganda inaweza kumuua mtu. Mtafutie kiti cha mbele anyooshe.

Alisema kama mtu anayekutuma chumvi dukani. Tiketi zetu zilikuwa za nyuma kabisa.

Kutoka Cibitoke hadi uwanja wa ndege

Jirani yetu Saidi, fundi wa magari, alitupeleka kwa Toyota yake ambayo milango yake ina rangi tatu. Kutoka Cibitoke hadi uwanja wa ndege si mbali. Siku ya amani ungemaliza kabla nyimbo mbili za redio hazijaisha. Lakini asubuhi ile kulisikika milio ya risasi upande wa Rukoko, na wanajeshi wakafunga barabara kwa gogo na kamba. Tulisimama nyuma ya lori la bia. Saidi akazima injini, akasema, "Tungoje. Mungu ndiye ana saa."

Mwanajeshi alikuja dirishani, akanusa, akaonyesha mfuko uliokuwa magotini mwa Yaya.

"Muko na nini mu hii sakoshi?"

"Ndagala," Yaya akajibu.

"Munaenda wapi na ndagala?"

"Bulaya. Kwa mutoto yangu."

Yule kijana aliinama akamtazama vizuri. "Bulaya kule apana samaki?"

"Iko. Lakini haijaona ziwa yetu."

Hakucheka, ila uso wake ulilegea. Yaya alifungua sakoshi, akachota ndagala za mkono mmoja, akampa. Alizila kavukavu pale pale, amesimama, bunduki begani, huku akitazama upande wa milio kama mtu anayengoja mvua ipite. Tuliongea naye habari za bei ya samaki na habari za mama yake aliyekuwa Ngozi. Nilikuwa naangalia jua linavyopanda. Yaya alikuwa ametulia. Alisema ndege ikituacha, basi ilikuwa na haraka kuliko sisi.

Milio iliponyamaza gogo liliondolewa, na Saidi akaendesha kwa namna ambayo sitaisimulia kwa sababu mkewe anaweza kusoma. Tulipofika chini ya yale mapaa ya uwanja wa ndege, yale ya mviringo kama mayai yaliyopangwa, tuliambiwa ndege yenyewe bado haijafika. Iliambiwa ingoje Kigali mpaka huku kwetu kupoe. Tulikuwa tumekimbilia kungoja.

Hapo ndipo nilipojaribu mara ya kwanza kumtafutia Yaya kiti. Nilikuwa nimejiandaa na Kifaransa changu, lakini mbele ya yule bwana wa kaunta Kifaransa kikanikimbia, nikabaki na Kiswahili.

"Patron, naomba kiti ya muzuri juu ya yaya yangu. Mugulu wake ni mugonjwa."

Akajibu kwa adabu kubwa, "Hakuna shida, mama. Tutamuletea."

Nilirudi benchi nikamwambia Yaya kwamba mambo yamekwisha, watu ni wema, tulikuwa tunajitisha bure. Tulikaa tumefurahi. Kisha akaja mtu anasukuma kiti cha magurudumu, akakisimamisha mbele ya Yaya, akafunga breki.

Yaya alikitazama. Akanitazama mimi.

"Jacqueline. Ni hiki ulichoomba?"

Alikataa kukikalia. Nusu ya watu wa pale walikuwa wateja wake, na alisema akionekana juu ya hicho kiti, kabla ya jioni soko zima litasema Venansia amekatwa mguu. Yule mtu naye alikuwa ametumwa na hakutaka kurudi na kiti kitupu. Mwishowe tuliiweka sakoshi ya ndagala juu ya kiti, na Yaya akakisukuma mwenyewe mpaka kwenye ndege, akiegemea mishikio yake. Ilimsaidia kutembea, hilo siwezi kukana.

Bujumbura hadi Nairobi

Ndege ilikuwa ndogo na viti vilibanana. Yaya alikaa dirishani. Tulipopaa aliona ziwa lote, akaona ufuko wa Kajaga na mitumbwi imelazwa mchangani kama mbegu za maboga zilizoanikwa. Alianza kutaja wenye mitumbwi: huyo ni fulani, huyo bado hajatoka, huyo mvivu. Nilimwambia kwa juu hivi hawezi kumtambua mtu. Alisema hatambui mtu, anatambua mtumbwi.

Tulipewa mkate na jibini ndogo ya pembe tatu iliyofungwa karatasi ya kung'aa. Jibini aliiweka mfukoni kwa ajili ya mjukuu. Nikamwambia Ubelgiji ndiko jibini inakotoka. Akasema mjukuu hatakula Ubelgiji, atakula iliyoletwa na bibi.

Kisha akanyamaza, na Yaya akinyamaza mimi huogopa. Goti lake lilikuwa limebana kwenye kiti cha mbele yake. Alijaribu kuligeuza huku na huku, na kila akiligeuza mtu wa mbele aligeuka kumtazama. Nilimwambia aweke mguu juu ya mapaja yangu. Akasema hawezi kuvua kiatu mbele ya wageni.

Tuliposhuka Nairobi goti lilikuwa limejaa kama papai. Nilibonyeza kwa kidole na alama ya kidole ikabaki. Hiyo ilikuwa safari fupi, na ndefu ilikuwa bado mbele yetu. Nilimfunika goti kwa nguo yake. Yeye pia alikuwa ameiona ile alama.

Nairobi, tulikokwama

Ndege ya Brussels ilikuwa iondoke usiku ule ule. Wakatangaza kuna hitilafu, wakatangaza tena, na mara ya tatu wakasema tutaondoka kesho asubuhi. Tulipewa vikaratasi vya chakula na benchi.

Chakula kilikuwa na mambo yake. Yaya aliomba chai, akaletewa kitu cheupe chenye povu. Kule chai inachemshwa pamoja na maziwa, lakini sisi hatukujua. Alionja, akaniinamia sikioni, "Hii ni maziwa iliyoona chai kwa mbali." Aliinywa yote lakini. Tuliomba bugali na samaki. Bugali tuliyoletewa ilikuwa nyeupe ya mahindi na ngumu, na samaki alikuwa mmoja mkubwa mwenye macho. Yaya aliizungusha sahani nzima akimkagua kama askari wa forodha. Alisema mwenye kumkaanga alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Asubuhi mguu ulikuwa mbaya zaidi. Nilimwacha Yaya kwenye benchi nikaenda kwenye kaunta ya ndege yetu. Pale alikuwa dada mmoja wa Nairobi, kijana, mrefu, skafu shingoni, macho mekundu kwa kukesha na abiria wenye hasira. Kibati cha kifuani kilisema Njeri. Watu wote kabla yangu walikuwa wamemfokea. Mimi sikuwa na nguvu za kufoka.

Sasa naomba msome polepole, kwa sababu hapa ndipo maneno yanapopotoshwa. Kwetu yaya ni ndugu mkubwa. Kwao yaya ni mtumishi wa kike anayelea watoto wa nyumba. Hilo sikulijua. Naapa sikulijua.

"Dada," nilimwambia, "niko na yaya yangu pale kwa benchi. Mugulu wake imevimba sana. Daktari alisema anyooshe."

Njeri aliinua macho. "Unasafiri na yaya wako? Mpaka Ubelgiji?"

"Ndiyo. Siwezi kumuacha."

"Amekuwa kwenu miaka mingi?"

"Tangu nizaliwe."

"Yaani alikulea wewe mwenyewe?"

"Mi na wandugu zangu wote. Mama alikufa, yeye ndiye alibaki na sisi. Alikuwa anaamuka mbele ya jua. Hakuenda hata masomo juu yetu."

Njeri aliacha kuandika. Alitazama kule benchi, akamwona Yaya na sakoshi yake magotini, kitambaa chake cha kichwa kimeenda upande.

"Sikiza, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Nyuma tumejaza watu kupita kiasi kwa sababu ya hii kuchelewa. Lazima nimpandishe mtu mmoja mbele. Mmoja tu. Nitakupa wewe hiyo nafasi, kwa vile hujanipigia kelele. Yaya wako atakaa nyuma, nitawaambia wamwangalie."

"Apana," nikasema. "Mupe yeye. Mi nitakaa nyuma."

"Yeye mbele, na wewe nyuma?"

"Sasa ingekuwa namna gani? Mi nikae mbele na yaya yangu akae nyuma? Watu wa kwetu wangeniona aje?"

Njeri alitazama tena kule benchi. Kisha akasema, "Mama yangu alikuwa yaya. Miaka yote ya maisha yake."

Nilielewa kwamba mama yake alikuwa kifungua mimba kama Venansia. Nikamwambia kutoka moyoni, "Basi ana heshima kubwa. Yaya ni mama wa pili. Mutu asiyeheshimu yaya yake, hata baraka hapati."

Machozi yalimtoka. Alijifuta kwa ncha ya skafu, akapiga mashine yake kwa vidole vyote, na kadi ikatoka. Aliniwekea mkononi, akanifumba vidole juu yake. Nilidhani ni uchovu. Nikasema moyoni, watu wa Nairobi wana mioyo laini.

Nyuma yangu kwenye foleni kulikuwa na mzee mmoja, mfanyabiashara wa Kigoma, aliyekuwa akija Bujumbura mara nyingi kununua vitenge, naye alijua Kiswahili chetu na cha kwao. Alikuwa amesikia yote. Alinifuata mpaka karibu na benchi, akitingishika kwa kicheko alichokizuia.

"Mama, unajua umemwambia nini yule binti?"

Nikasema najua, nimemwambia kweli.

"Kweli umesema. Lakini yeye amesikia kwamba huyu ni mtumishi wako wa nyumbani."

Akanieleza lile neno. Nilirudia maneno yote kichwani, moja moja, na kila moja lilikuwa kweli na kila moja lilikuwa limeingia kwa mlango mwingine. Kadi ilikuwa mkononi mwangu. Goti la Yaya lilikuwa mbele yangu, limejaa. Nilifikiri: nikae kimya. Nani ameumia? Sikuomba uongo. Baada ya saa moja tutakuwa hewani na hakuna atakayejua.

Lakini yule mzee hakuwa mtu wa kukaa kimya, na Yaya ana masikio. Alikuwa ameshasikia.

"Mi ni boyi yako?" akaniuliza polepole.

"Yaya, si mi nilisema, ni yeye alisikia."

"Mi nilikufungia mavi mu mugongo, leo mi ni boyi yako."

"Yaya, kiti kinalala. Utanyoosha mugulu. Daktari alisema damu—"

"Lete hiyo kadi."

Aliichukua, akainuka, akaanza kwenda kaunta. Sijui kama mmewahi kumwona Yaya Venansia akitembea akiwa na jambo. Hata alivyochechemea, foleni ilimpisha. Mimi nilifuata na sakoshi, na mzee wa Kigoma akanifuata mimi, kwa sababu hakutaka kukosa.

Yaya aliweka kadi juu ya kaunta mbele ya Njeri.

"Mutoto yangu," akasema, "asante kwa roho yako. Lakini mi si mutumishi wa huyu. Huyu ni mudogo yangu, wa tumbo moja. Kwetu yaya ni mukubwa. Mi ndiye nilimulea, kwa sababu mama alikufa. Sasa ukitaka kiti yako, chukua. Sitaki kiti ya mutu mwingine."

Nilifumba macho. Nilikuwa naona kadi inarudi kwenye mashine, naona mguu unakunjwa, naona hospitali ya ugenini.

Njeri alimtazama Yaya, akanitazama mimi, akamtazama mzee wa Kigoma ambaye alikuwa anatikisa kichwa kuthibitisha. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea kaunta, na mwenzake wa kaunta ya pili akageuka kuona kuna nini.

"Ngoja," akasema alipopata pumzi. "Nani alikuwa anamwogesha huyu akiwa mtoto?"

"Mi," Yaya akajibu.

"Nani alimpikia uji?"

"Mi. Na alikuwa anautema."

"Ulilipwa?"

"Nani angenilipa?"

"Sasa mimi nilikosea wapi?" Njeri aliirudisha kadi kwenye kiganja cha Yaya. "Chukua kiti chako, mama. Na huyu akusaidie mzigo."

Nairobi hadi Brussels

Yaya aliingia kwa mlango wa mbele. Mimi nilikuwa safu ya mwisho, kiti cha katikati, kati ya mabwana wawili wenye mabega mapana waliolala kabla hatujapaa na kuniegemea kila mmoja kwa zamu yake. Pazia la kijivu lilivutwa kule mbele na nikabaki sijui Yaya anafanya nini.

Sikungoja sana kujua. Kijana wa kuhudumia alikuja mpaka safu yangu akaniuliza kwa Kifaransa kama mimi ndiye Jacqueline. Nikasema ndiye. Akasema mama wa mbele anataja jina hilo na kuonyesha mdomo, anadhani anauliza kama nimekula. Nikasema bado. Akarudi. Baada ya muda akaja na soksi za sufi ndani ya mfuko mdogo: mama wa mbele ameonyesha kwa ishara nivae, huku nyuma lazima kuna baridi. Kisha akaja na chokoleti mbili. Kisha na ua la plastiki lililokuwa kwenye sinia lake. Bwana wa kulia aliamka, akatazama ua, akatazama uso wangu, akalala tena.

Mara ya nne alikuja mikono mitupu, anatabasamu, lakini jasho limemtoka. Alisema mama wa mbele anahitaji mtafsiri.

Nilipita pazia. Jamani, kule mbele ni nchi nyingine. Yaya alikuwa amelazwa kwenye kiti kilichofunguka kama kitanda, blanketi kifuani, mguu umenyooka mbele yake kama mguu wa malkia. Goti lilikuwa limezungushiwa vitaulo vyeupe vinavyotoa mvuke. Kumbe watu wa mbele wanapewa kitaulo cha moto cha kujifuta uso kabla ya kula. Yaya alipopewa chake alidhani wameambiwa habari za mguu wake, akakifunga gotini. Kilipopoa akaomba kingine kwa ishara. Yule kijana akaleta. Kilipopoa akaomba kingine. Sasa vitaulo vyote vya mbele vilikuwa vimekwisha na yule kijana hakujua jinsi ya kumwambia Yaya.

Nilimweleza Yaya. Alisikitika kweli. Alitaka kuvirudisha vyote, abiria wengine wakajifute. Kijana akasema hapana, hapana, abaki navyo, na baadaye nilimwona akipasha moto vitaulo vilevile na kumletea tena bila kuombwa.

Jirani yake alikuwa bwana mmoja mzungu, mvi kichwani, suti nzuri. Mbele yake kwenye sahani ya udongo mweupe, kati ya jibini na zabibu, kulikuwa na ndagala. Nilitazama nikidhani naota.

"Aliniangalia nikikula," Yaya akaeleza. "Nikamupa. Sasa amemaliza za kwanza."

"Munaongea luga gani?"

"Hatuongei. Anakula tu."

Nilichuchumaa kwenye njia karibu yake. Nilibonyeza mguu chini ya goti. Alama ya kidole ilikuja ikaondoka. Nilibonyeza tena kuhakikisha. Yaya aliniacha nifanye, kisha akasema bila kunitazama:

"Jacqueline, hiki kiti ni kizuri sana. Lakini kinakupa nafasi ya kufikiri."

"Unafikiri nini?"

"Gode alituacha nikiwa na meno yote. Nilikuwa nabeba gunia. Atatafuta ule mama, ataona huyu." Alivuta blanketi. "Nilikuwa nasema mugulu, mugulu. Kumbe nilikuwa naogopa tu. Mugulu ilikuwa ya kujifichia."

Nilimwambia Gode naye amezeeka, ana mtoto, pengine amenenepa. Akacheka kidogo. Nilibaki nimechuchumaa pale nimemshika mkono mpaka yule kijana akaja kuniomba kwa upole nirudi kwenye kiti changu, kwa kuwa tunaingia kwenye mawingu.

Brussels

Watu wa mbele hushuka kwanza. Hilo sikulifikiria. Nilisimama kwenye njia kule nyuma, mabwana wangu wawili wanashusha mizigo yao polepole, na kwa mbali juu ya vichwa nikaona kitambaa cha kichwa cha Yaya kinatoka mlangoni. Niliita. Watu wote waligeuka isipokuwa yeye.

Kisha nikaingia foleni ya pasi, ile ya watu kama sisi, ambayo ilikuwa inajipinda mara nyingi kama utumbo. Wale wa mbele walikuwa na njia yao. Askari wa dirishani aliniuliza nimekuja kufanya nini. Nikamwambia kumwona mtoto wa yaya yangu, na safari hii nikaongeza haraka kwa Kifaransa: ma grande sœur. Hakuonekana kujali.

Mnajua nilichokuwa nalilia pale kwenye foleni? Nilitoka Cibitoke, nikangoja nyuma ya gogo, nikalala kwenye benchi, nikaegemewa na wanaume wasionijua, na sababu yote ilikuwa moja: niwaone wale wawili wakionana. Niwepo. Na sasa walikuwa wanaonana nyuma ya ukuta na mimi nilikuwa nashika mkanda wa foleni. Nilikasirikia kiti cha mbele. Nilimkasirikia hata Njeri kidogo.

Nilipotoka mwishowe, watu wengi walikuwa wameshaondoka. Niliwatafuta kwa macho katika ule ukumbi mkubwa. Nilitarajia kukuta macho mekundu, kelele zimeshakwisha, na mimi nimefika kwenye harusi wakati wanakunja viti.

Walikuwa wamekaa kwenye benchi karibu na mlango. Godeliva amenenepa kweli, na nywele zake amezikata. Alikuwa amepiga magoti sakafuni na koti lake zuri, ameushika mguu wa mama yake mapajani, anaukanda. Mtoto mdogo wa kike amesimama pembeni anamtazama bibi yake bila kupepesa, jibini ya pembe tatu mkononi. Nyuso za mama na binti zilikuwa kavu kabisa, zimekazwa kama za watu waliobeba ndoo iliyojaa maji hadi ukingoni.

Nilitua mizigo.

"Muko namna gani?" nikauliza. "Hamukulia?"

Godeliva aliinua kichwa akaniona, na kidevu chake kikaanza kutetemeka.

"Mama alikataa," akasema. "Alisema tungoje wewe."